Taa, Boma na Mayai ya Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Mayai yameiva. Si kwa kutotolewa — kwa kuchemka! Nimevunja moja kwenye sahani, limetoka gumu kama la kumpa mgonjwa. La pili, gumu. La tatu nimempa mwenye mashine alivunje mwenyewe.

Mwenye mashine ni mjukuu wangu, Sindano. Si jina lake, lakini kwa wembamba ule na mdomo ule unaochoma, ndilo linalomfaa. Yuko mwaka wa mwisho chuo cha kompyuta na hii ndiyo kazi yake ya mwisho: sanduku la mbao lenye mfuniko wa kioo, taa ya kutia joto, feni, kipimajoto, na kidubwasha chenye nyaya kinachosoma maandishi yake na kuyatii. Aliniambia kitakaa macho kuliko kuku yeyote. Kweli kimekaa macho. Kimekaa macho kikipika.

Tuliyaweka juzi asubuhi. Baridi ilikuwa kali, taa ikawaka, tukapiga vigelegele. Mvua ikanyesha kutwa, taa haikuzima, nani angeshangaa? Jana tukaenda msibani. Jua likachoma. Leo tumefungua, ndio hivyo.

Jioni akaja mwanangu wa kiume, mjomba wake Sindano, ndiye anayemsomesha tangu mama yake afariki. Akaona sahani. "Mama, siku hizi mnakula vifaranga kabla hawajatoka?" Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Mwalimu anakuja tarehe 28 kuona mashine ikifanya kazi. Asipoona kifaranga, hakuna cheti. Na kama hakuna cheti, binti aje dukani kwake akae kaunta auze vipuri, maneno yaishe. Mwaka mwingine wa kurudia hamlipii.

Na mimi sikumtetea Sindano. Nilikuwa na uchungu wa mayai.

Jumanne, 4 Machi

Hajala. Anaitazama laptopu kama mtu aliyekaa kaburini. Anasema ameyasoma maandishi yote na kila mstari uko sawa. Nimemwambia mstari ulio sawa haupiki mayai. Kanuna. Nami nimenuna. Nyumba ya walionuna wawili, hata paka kahamia kwa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Kosa limepatikana!

Nilikuwa nachambua mchele, yeye anasoma kimoyomoyo, midomo inatetemeka. Nikamwambia anayesoma kimya anajificha, soma kwa sauti. Akasoma kwa hasira ili kunikomoa. Joto likiwa chini ya kiwango: zima feni, washa taa. Joto likiwa— Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi! Nimeongea lugha nyingine!"

Nikadhani homa.

Alivyoeleza ni hivi. Mashine haielewi "haya mambo mawili ni ya wakati wa baridi tu" mpaka uyazungushie ua. Huo ua wanauita bloku. Mimi nauita boma, maana ndilo. Juu ya mlango wa boma kuna swali: kuna baridi? Kama ndiyo, mashine inaingia na kufanya yote yaliyomo. Kama hapana, inapita nje bila kugusa kitu.

Sasa, lugha aliyoanza nayo chuoni, boma lake ni mpangilio. Ukisogeza mistari ndani kidogo, ikalingana, hiyo ni familia moja. Lugha ya kidubwasha hiki haijali mistari imesogea au imekaa. Inataka mabano, yale yaliyojipinda kiunoni, moja la kufungua na moja la kufunga. Usipoyaweka, mlango unachukua mstari mmoja tu, ule unaofuata. Mingine yote iko nje, hata ukiipanga vizuri kama sahani kabatini.

Mwanzo mstari ulikuwa mmoja, "washa taa", na hakukuwa na shida. Baadaye akaongeza wa feni juu yake. Akaisogeza ikalingana, akaenda kulala. Kwa hiyo mlango wa baridi ukachukua feni peke yake. Taa ikabaki nje ya boma — inawashwa kila mara, kuna baridi, kuna jua, kuna moto wa jehanamu!

"Umeongea lugha ya kwenu nyumbani kwa wakwe," nikamwambia. "Wakakupa uji ukiomba maji."

Akacheka. Ya kwanza tangu Jumapili. Kisha akanitazama kwa jicho lile la sindano. "Lakini Bibi, mstari wa feni ni nani aliuomba?"

Ni mimi. Nilisema lile feni linapuliza mayai kwenye baridi, lizimwe. Sawa. Nilisema feni lizimwe. Sikusema boma lisijengwe!

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe vifaranga si mtihani wote. Asubuhi ya tarehe 28 ataitwa chumbani aulizwe kwa mdomo na walimu, wenye tai. Na huyu anayenichoma mimi kutwa kucha, mbele ya wakubwa ulimi unamganda. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Shuleni alijikojolea kuliko kuomba ruhusa.

Basi tumeanza mazoezi. Mimi ndiye walimu wote. Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini kuuliza hakuhitaji shule. Nikamwambia anipe maswali wanayoyapenda. Akasema la kwanza huwa lile lile: stetimenti, ekspreshoni na bloku, zinatofautianaje?

"Haya. Stetimenti ni nini?" Nafagia banda la kuku huku.

"Ni agizo kamili, Bibi. Linafanya jambo. Washa taa. Zima feni."

"Na ekspreshoni?"

"Ni kitu kinachokokotolewa kikatoa thamani."

Nikamtupia macho. Aseme kama anamwambia mtu mwenye ufagio. Akafikiri, akaning'inia mlangoni pa banda.

"Ekspreshoni inakuachia kitu mkononi. 'Joto jumlisha mbili' — unapata namba. 'Joto liko chini ya kiwango?' — unapata ndiyo au hapana. Stetimenti inafanya, lakini mkono unabaki mtupu. Huwezi kuuliza 'washa taa' ni ngapi."

Mkono mtupu haulambwi, nikasema, kwa hiyo ekspreshoni ndiyo bora.

"Aa, Bibi! Peke yake haiwashi hata kibiriti. Unaweza kupiga hesabu ya joto kutwa, jibu likadondoka chini, mayai yakapoa."

Hapo nikaelewa. Ni shemeji yangu, Mungu amrehemu. Alijua dawa ya kila ugonjwa na kosa la kila serikali, na paa lake lilivuja mpaka siku tuliyomtoa humo. Ekspreshoni mtupu! Na mwanangu ni stetimenti: Mama acha, Mama fanya, Mama hamia kwangu. Ukimuuliza kwa nini, hakuna kinachorudi.

"Na 'pima joto'?" nikauliza. Nilidhani nimemkamata.

"Hiyo inafanya na inarudi na namba. Ni ekspreshoni. Lakini ukiifunga kwa nukta-mkato ikasimama peke yake, imeshakuwa stetimenti, na namba inapotea kama hukuiwekea chombo."

Yaani umemtuma mtoto chumvi, karudi na chumvi, nawe umefunga mlango. Nikasema nimeridhika. Kisha nikasema kwa sauti kubwa, kama mwenye tai: "Rudia tena, usining'inie!" Ulimi ukamganda pale pale. Kwangu mimi! Bibi yake, nikiwa na ufagio!

Kazi ipo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho ya kuweka mayai kama yatatotolewa kwa wakati. Wiki tatu kamili.

Ya dukani hayafai, hayana jogoo. Mayai yenye mbegu yaliyobaki hapa nyumbani ni ya kuku wangu Kidoti tu. Kidoti kazeeka. Hatagi tena kama zamani, na huu huenda ndio mtago wake wa mwisho. Kuatamia hawezi, miguu imevimba, anayakanyaga anayavunja. Nilikuwa nimepanga kuyapeleka kwa kuku wa jirani anayeatamia. Kuku wangu wote wazuri wametoka kwake yeye. Watu wanavuka barabara mbili kuja kununua vifaranga "vya ukoo wa Kidoti".

Sindano hakuniomba. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuja banda la kuku, akayatazama yale mayai kwenye kikapu, akatoka.

Nikamwita. "Wewe mke mwenzangu! Nionyeshe kwanza taa inazima."

Akaniambia mabano yapo, ameyaweka kila mahali, hata pale penye mstari mmoja. Nikasema sikuuliza mabano. Nataka kuona kwa macho yangu. Akachukua kikombe cha chai ya moto, akakiweka ndani karibu na kipimajoto. Tukasubiri, vichwa vimegusana juu ya kioo.

Taa ikazima.

Akatoa kikombe. Tukasubiri. Ikawaka. Akarudisha. Ikazima! Sijawahi kufurahia giza hivyo. Chai ilipopoa nikainywa mimi.

Nimeyaweka mwenyewe, moja moja. Nikamwambia haya si mayai, ni jina langu. Akasema, "Najua, Bibi." Afadhali angenijibu jeuri.

Jumapili, 9 Machi

Jirani mshonaji alikuja kunipa umbea wa mke wa pili wa fundi bomba. Nikamkatiza: hiyo uliyoleta ni stetimenti au ekspreshoni? Akashika kiuno. "Shoga, umeanza kuzeeka vibaya." Sindano alicheka mpaka akakaa chini. Jibu tulikubaliana baadaye: ni ekspreshoni, imeniachia kitu mkononi. Ila nimekosa pa kukiweka.

Jumatano, 12 Machi

Amenifundisha jingine. Kitu kikizaliwa ndani ya boma, nje hakijulikani. Ukipa namba jina ndani ya mabano, ukifunga mabano, jina limekufa. Ukiliita huko nje mashine inasema simjui.

Laiti nyumba za watu zingekuwa hivyo. Mtaa huu ungekuwa kimya.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeyamulika kwa tochi chumbani, mapazia yamefungwa. Mawili viza, nimeyatoa, nikayatupa mbali. Mengine yana mishipa — myekundu, imetanda kama mizizi. Katika moja kitu kilicheza. Sindano alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza. Sikumwambia aache.

Simwambii mjomba wake. Mdomo wake una nuksi, ataharibu.

Alhamisi, 20 Machi

Mambo mabaya. Leo chuoni walifanya jaribio la mtihani wa mdomo. Aliulizwa bloku ni nini. Hilo! Tulilolisema mara ngapi, nikifua, nikipika, nikimfukuza paka! Alisimama. Mwalimu akasubiri. Akasema, "Ni... mabano." Akakaa. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka, anasema, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Amerudi amejifunika shuka mchana kweupe. Anasema ataenda dukani kwa mjomba, kaunta haiulizi maswali.

Nilimvua shuka. Nikamwambia, unajua nilichoogopa mimi maishani? Karani. Karani yeyote. Nikiona meza yenye karatasi, hata jina langu lilinitoka. Nimewahi kutia kidole gumba kwenye wino wakati kuandika nakujua, kwa sababu yule bwana alishanisogezea wino. Hebu niambie, uoga huo ulinirudishia nini? Hakuna. Uliniamuru, basi. Mkono mtupu.

Akakaa kitandani. Pua inatiririka. Akasema, "Bibi, hiyo ni stetimenti."

"Toka hapo ukageuze mayai," nikasema. Akaenda.

Jumanne, 25 Machi

Kuanzia leo hayageuzwi tena, na mfuniko haufunguliwi. Sindano kanikalisha kama anayeapisha. Ukifungua, unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka, kifaranga anakwama humo humo kama amevishwa gundi. "Hata kidole, Bibi."

Mimi nimesaidia vifaranga maisha yangu yote. Yai likipasuka kifaranga akachelewa, nambandua ganda kwa kucha na maji ya uvuguvugu. Wengine wamepona.

"Na wengine?" akauliza.

Sikupenda swali hilo. Nimeahidi.

Alhamisi, 27 Machi

Jioni. Milio! Ndani ya mayai, hawajatoka, wanalia. Tuliweka sikio kwenye kioo kwa zamu. Yai la pembeni lina ufa.

Nimemuuliza yote matatu kwa mara ya mwisho. Amejibu akiwa amefumba macho. Nikasema kesho ufumbue. Akasema kesho atawatazama wale walimu aone mafagio.

Ijumaa, 28 Machi

Ameondoka na chai tu tumboni. Nimemfunga kitambaa changu cha kichwani shingoni, kile cha bluu. Mtihani wa mdomo ni asubuhi, kisha mwalimu anakuja naye hapa kuona mashine. Mlangoni aligeuka: "Hata kidole."

Yai la pembeni lilikuwa na tundu, na mdomo mdogo unaonekana. Likatikisika. Likatulia. Nikafurahi.

Kisha taa ikazima.

Si kitu, nikasema, kuna joto, ndivyo inavyotakiwa. Nikaosha vyombo. Nikarudi. Imezima. Nikawapa kuku chakula. Nikarudi — imezima bado. Kidoti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pa banda akinitazama kama ananidai.

Sijawahi kuiona imezima muda mrefu hivi. Namba za joto zinaonekana kwenye laptopu, na laptopu ameondoka nayo. Nimegusa ubao wa pembeni. Una joto. Au ni mkono wangu? Feni linazunguka, na kile kidubwasha kina nukta ya kijani inayopepesa. Kwa hiyo kiko macho. Kiko macho na hakiwashi. Kinauliza: kuna baridi? Kinajibiwa: hapana. Kinapita nje ya boma.

Hivyo ndivyo inavyosema akili. Moyo unasema taa imeungua na watoto wa Kidoti wanakufa mbele yangu nimekaa kama gogo.

Kifaranga wa pembeni hatikisiki.

Nimeleta kiti. Nimeleta daftari. Nitaandika, ili mikono iwe na kazi. Mayai yakikaribia kutotolewa, chini ya kuku, huwa yana moto wenyewe, ukiyashika unasikia. Labda ndio huo. Labda wamepashana joto, hawahitaji taa. Labda.

Mwanangu amekuja. Kafunga duka mapema, anasema, aone mwisho wa maigizo. Ametazama kioo. "Mama! Taa imezima! Mashine imekufa, unaandika nini?" Mkono ukaenda kwenye mfuniko.

Nikaupiga kofi. Mtu mzima, ana ndevu.

"Humo ndani kuna baridi?" nikamuuliza.

"Sijui!"

"Kama hujui, unaingia bomani kufanya nini?"

Akanitazama kama vile jirani mshonaji alivyonitazama. Akasema mimi ndiye niliyemfundisha kubandua maganda, akiwa mdogo, kwa maji ya uvuguvugu, na yule wa kwanza akaishi. Ni kweli. Alimbeba mfukoni kutwa.

"Mama, yule pale anakufa. Angalia."

Naangalia. Mdomo uko kwenye tundu. Hausogei. Nimeona wengi wakipumzika hivyo, na nimeona wengi wakifa hivyo, na kwa macho ni kitu kimoja.

Amekaa juu ya ndoo. Ananyanyuka. Anakaa. Anasema nimwachie dakika moja tu. Nimesema nimeahidi. Anasema ahadi ya mtoto. Nimesema ndiyo, ya mtoto, wa dada yako.

Amerudi kukaa juu ya ndoo.

Gari nje. Milango inafungwa. Sauti ya mwanaume nisiyemjua, kisha ya Sindano. Anaongea. Anaongea tu! Hakati, hasimami, yule mwanaume anaingiza neno moja naye anaendelea juu yake. Sijui ni habari njema au anajitetea. Sikuwahi kumsikia akimwongelesha mgeni hivyo.

Mwanangu ameinuka tena. Mkono huo hapo. Nimeweka kiwiko changu juu ya mfuniko na uzito wangu wote juu ya kiwiko, ndiyo maana mwandiko umepinda. Taa bado imezima. Kitu kimelia ndani, sijui kipi, na wao wako koridoni, na mimi siinui kiwiko mpaka Sindano mwenyewe aniambie.